Glavu za Mombo

Kitambaa cha kijani kilitundikwa mbele ya kifua chake, kwa hiyo Mwanahawa hakuweza kuliona tumbo lake. Sindano ya mgongoni ilimtia ganzi kuanzia kiunoni kwenda chini, lakini masikio yalikuwa mazima, na alitaka kujua kila kinachofanyika huko.

Upasuaji wa kwanza ulimwachia makovu ndani, utumbo ukashikana. Safari hii glavu alinunua mwenyewe duka la dawa Mombo, maana siku hizi hospitali unakwenda na vyako.

Jana wodini aliona unga mweupe ukidondoka kutoka kwenye glavu za nesi, akamuuliza daktari ni wa nini.

"Ni poda, mama, ili zivalike kwa urahisi. Ila ikibaki tumboni, utumbo unaweza kushikana tena. Ndiyo maana tukishazivaa tunazisuuza kwanza."

Na kweli, kabla hawajaanza alisikia maji yakimwagika kwenye beseni. Akatabasamu peke yake.

Katikati ya kazi daktari akaguna. Glavu imechanika. Pakiti nyingine ikafunguliwa, mpira ukavutwa, ukalia mkononi. Mwanahawa akatega sikio asikie maji.

"Mkasi," daktari akasema.

"Daktari, hiyo hujaisuuza."

Kichwa cha daktari kikachomoza juu ya kitambaa, macho yamemtoka.

"Mama! Nilidhani umelala."

"Nilale vipi, na tumbo ni langu?"

Nesi akanyanyua jagi la maji.