Jicho la Kobe

Kitu cha kwanza Tumpe alichokiona asubuhi ile ni jicho la kobe wa bwawani. Kobe huyo alikuwa amejichimbia topeni pale chemchemi inapoingilia, maana hapo maji hayagandi hata baridi ikizidi. Jicho lilikuwa wazi.

Aliporudi ndani, mama mkwe wake alikuwa akitandika vitanda. Jioni kijiji kizima kingekunywa dawa ya usingizi, kama sheria inavyotaka kila kipupwe, na kuamka baridi ikiisha.

"Mwaka huu nalala chumba cha nyuma, peke yangu," alisema. "Mumeo anakoroma kama trekta."

"Tulale wote, mama."

"Mtu akishalala, wote ni wapi na peke yake ni wapi?"

Tumpe alicheka. Aliupenda msimu ule, nyumba ikiwa na joto na pumzi za watu wake.

"Hata kobe halali kabisa. Anatazama."

"Kobe hanywi dawa, mwanangu."

Tumpe alikunja ncha ya kanga. Alilotaka kusema sasa hakuwahi kumwambia mtu.

"Mimi nainywa, lakini usingizi haunichukui. Mwaka jana uliacha kupumua, mama. Nikakugeuza ubavu, pumzi ikarudi, nikakushika mkono mpaka baridi ilipoisha."