Tone Lililobaki

Rukaya, mwalimu wa kemia, alipimia dawa ya wadudu kwa gilasi akaisahau mezani, tone moja likiwa limebaki ndani. Mama mkwe wake, Bi Nunu, akaijaza maji akanywa.

Shomari, mume wa Rukaya, alipomwona mama yake ameishika gilasi hiyo, akatoka mbio kutafuta gari. Rukaya, kwa hofu, akashika kalamu, akakokotoa molekuli zilizokuwa katika lile tone lililobaki.

"Ni ngapi, mwanangu?" Bi Nunu akauliza.

"Nyingi kuliko watu wote duniani, mama."

"Zitaniua?"

"Hesabu haisemi hilo."

Kijasho chembamba kilianza kumtoka Bi Nunu juu ya mdomo. Rukaya akakitazama, akihofia ni dalili ya sumu, kisha akajipapasa paji la uso. Joto la mchana ule lilikuwa limemlowesha yeye pia.