Filamu ya Upweke

Hivi wewe, umewahi kuona mtu akiambiwa avue viatu vyake, nyumbani kwake, ili afanane na yeye mwenyewe?

Basi Mama Faustina aliambiwa hivyo, kijijini kwao jirani na Nyololo, mwezi wa saba, baridi ikiuma mpaka kwenye meno. Akavua gambuti. Akavua na sweta lake la kijani, lenye vifungo vinne na pini pale cha tano kilipong'oka. Sola ikafunikwa gunia, ndoo ya plastiki ikafichwa nyuma ya choo, na badala yake ukaletwa mtungi ambao Adrian, mwongozaji wa filamu, aliununua Iringa mjini kwenye duka la mapambo.

"Sasa hapo ndiyo umekuwa wewe, mama," Adrian akasema, mwenyewe kajifunga makoti mawili.

Alikuwa ametoka Dar es Salaam kutengeneza filamu ya kumbukumbu, ukungu na upweke. Alikuwa na ukungu wa kutosha. Alichokosa ni chozi. Bila chozi la mwisho, alimwambia Mika mpiga picha, tamasha la filamu lisingewapokea. Wangekuwa wamepiga picha za viazi tu.

"Mzee wako anaitwa nani, mama?"

"Kalinga." Faustina akatazama kule barabara kuu inakopita. "Miaka mingi simsikii. Ila nina neno langu nataka kumwambia. Ndiyo maana nimeyakubali haya mambo yenu."

Adrian akambinya Mika mkono. Mjane! Tena mwenye neno!

"Utalisema, mama. Mwisho kabisa, ukishalia. Kaburi lake liko wapi?"

"La Kalinga hapa hakuna. Hilo la saruji ni la baba yake."

"Linatosha," Adrian akasema. Hakuuliza zaidi. Maswali yanamaliza betri.

Mara sauti ikapaa kutoka ndani ya nyumba: "Faustinaaa! Chai haina sukari! Na huyo anayezungukazunguka uani ni mwizi au mwinjilisti?"

"Kata!" Adrian akafoka. "Nani huyo?"

"Mama mkwe. Bibi Juliana."

"Mama, huwezi kuwa mpweke na mama mkwe yuko ndani. Apelekwe mahali."

Kwa mara ya kwanza siku ile Faustina akatabasamu. "Mbali kiasi gani?"

"Kwa jirani tu."

"Aa," akasema, na tabasamu likarudi lilikotoka.

Chozi likapatikana kwa moshi. Mika aliwasha kuni mbichi upande unakotoka upepo, Faustina akapiga magoti kwenye kaburi la baba mkwe, macho yakamvuja, pua nayo ikachangia. Alipofungua tu mdomo kusema neno lake, Adrian akapaza sauti, "Kata! Safi sana! Huo ukimya unatosha, mama."

"Na neno langu?"

"Siku ya kuionyesha utapewa kipaza sauti. Haki ya Mungu."

"Basi ionyeshwe Mbeya. Na kwenye matangazo mweke picha ya Kalinga, ile ya harusi. Kubwa. Mbandike pale sokoni Mwanjelwa."

"Kwa nini Mbeya?"

"Roho yake iko huko."

Adrian akayaandika hayo maneno kwenye simu. Ndiyo yaliyochapwa chini ya picha.

Siku ilipofika, gari lilikuja kumchukua. Faustina alikuwa na gambuti zake na sweta lake. Bibi Juliana naye aliketi tayari kwenye kigoda kando ya njia, kilemba kipya kichwani, na pembeni yake godoro limefungwa kamba, blanketi nzito, beseni, kikombe chake cha bati chenye maua, na kuku jike kafungwa miguu.

"Mama, tunalala siku moja tu," Adrian akasema.

"Huyu bila kikombe chake hanywi, bila godoro lake halali. Wewe pandisha, mwanangu," Faustina akajibu.

Adrian akaguswa sana. Njia nzima alimwambia Mika kwamba huo ndio utu, na kwamba mjini umekwisha.

Ukumbi ulijaa mpaka wengine wakasimama ukutani. Ukungu ukapita kwenye skrini, filimbi ikalia, akina mama wakatoa vitambaa. Lilipotokea kaburi, Bibi Juliana akainuka mstari wa mbele.

"We Faustina! Hilo si kaburi la mume wangu? Mume wangu unamlilia wewe?"

Wakamketisha. "Uzee," Adrian akawanong'oneza wageni wa heshima.

Taa zilipowashwa, akapanda jukwaani na Faustina, akaomba wote wasimame kwa ukimya kumkumbuka marehemu Kalinga. Ukumbi mzima ukainamisha vichwa. Kikasikika kikohozi. Halafu mwanamume mmoja mnene akatoka mstari wa nyuma, akavua kofia, mkononi kakunja lile tangazo.

"Nani kasema nimekufa? Tangu juzi wateja wangu wananikimbia!"

"Kata!" Adrian akafoka. Faustina akakichukua kipaza sauti kutoka mkononi mwake taratibu, akakipuliza mara mbili kama wanavyofanya kanisani.

"Kalinga, wala usiogope, sikuja kukurudisha," akasema. "Mama yako huyu hapa mbele, godoro lake liko kwenye gari. Na chai yake, weka sukari."