Vema za Kivukoni

"Bwana, una kalamu?"

Lori lilikuwa halijatulia juu ya kivuko cha Garsen, na Hiribae alikwisha kuiacha kamba ya kuvutia kivuko na kumfuata karani aliyeketi karibu na dereva. Akachomoa daftari kifuani. "Nisahihishie hesabu za binti yangu. Kazifanya peke yake, sikumgusia hata moja."

Na angemgusiaje? Hiribae hakujua hata kuandika jina lake.

Karani akasoma ukurasa mpaka chini. Akamtazama Hiribae. "Mzee, wewe hujui kusoma kabisa?"

"Kabisa, bwana."

Karani akaweka alama kubwa ya vema. Kisha akavua koti, akashika kamba, akasaidia kuvuta mpaka ng'ambo. Karani mzima, jamani, na viatu vyake vya kung'aa!

Mwaka mzima ulikwenda hivyo. Mwalimu Komora aliwaambia wazazi: mpeni mtoto nafasi, msimfanyie, ila akimaliza pawe na mtu wa kuzitazama hesabu zake. Hiribae alilishika neno hilo barabara. Binti yake Tuneya akaondolewa kinuni. Maji akateka baba. Nyani wa shambani akawafukuza baba, ndipo ateremke kivukoni.

"Unamharibu," mkewe Mwanatumu alilalama. "Msichana wa miaka kumi na minne, hajui hata kupepeta mpunga! Watu wa yule kijana Jilo wamekuja kuposa mara mbili. Niwaambieje?"

"Waambie wangoje mtihani. Akipita kuingia darasa la tano, hakuna harusi. Akianguka, wamchukue."

Alisema kwa maringo, maana hakuwa na wasiwasi hata chembe. Mwarabu wa Lamu aliweka vema, akampa na tende. Bwana shamba aliweka vema. Hata padri mmoja wa Kizungu aliweka vema, kisha akamshika bega asiliachie upesi. Kosa halikuonekana hata siku moja. Tuneya akirudishiwa daftari alikuwa akiinamisha kichwa tu, na Hiribae akiona ni haya ya kike, moyo wake ukijaa furaha.

Matokeo yaliletwa na Mwalimu Komora mwenyewe, kwa miguu. Tuneya alikuwa wa mwisho. Hesabu alipata sifuri.

"Mwongo!" Hiribae alifoka. "Nafasi yake mmempa mtu!" Akaingia ndani, akarudi na madaftari manne, akamtupia mapajani. "Haya, tazama! Hawa wote wajinga, mjuzi ni wewe peke yako?"

Mwalimu akafunua ukurasa wa kwanza. Wa pili. Akaruka mpaka daftari la mwisho. Akalifunga.

Uani, wajomba wa Jilo walikwisha kupewa mkeka na Mwanatumu.

"Soma kwa sauti, nisikie!" Hiribae akasema, na sasa alikuwa anaomba.

Mwalimu akasoma maandishi madogo yaliyokuwa chini ya hesabu, maneno yale yale kila ukurasa:

"Bwana msafiri, hizi zote nimekosa, mimi hesabu siziwezi. Baba yangu ndiye huyo anayevuta kamba. Niwekee vema, nakuomba, asijue."