Sura ya Daraja

Mbunge Lukindo aliwasomea watu ukumbini riwaya yake ya kuchekesha. Alichagua sura ya mbunge anayezindua daraja mara tatu, akikata utepe kila mara, ilhali daraja lenyewe halipo. Ukumbi mzima ulicheka hadi machozi.

Halafu watu wakapanga foleni awasainie nakala zao. Bi Tunu, mkunga kutoka ng'ambo ya mto, alifungua yake kwenye sura ileile.

"Mama, wewe hukucheka," Lukindo alisema.

"Nilikuwepo siku zote tatu, mheshimiwa. Nilikupigia vigelegele."

Lukindo alikohoa, akashika kalamu. "Haya, nikuandikie nini?"

"Niandikie tarehe ya kujengwa."

Kalamu iligusa karatasi, ikatulia hapo. Doa la wino likaanza kutanuka taratibu.