Glavu Mezani

Glavu ilikuwa ndefu kama mguu wa suruali. Ukiivaa, inafika begani. Mwanachuo aliitandaza juu ya meza, katikati ya vikombe vya chai, ili wote waione vizuri.

Mhasibu aliruka na kiti chake. "Iondoe! Imeingia wapi hiyo?"

"Kwa ng'ombe. Kwa nyuma. Lakini nimeiosha."

Mhasibu akaitema chai kikombeni. Utando wa maziwa ukaelea juu kama usaha, na hakuna aliyekunywa tena.

Walikuwa wamekutana sebuleni kwa jambo moja. Chuo kilitaka jibu kabla ofisi haijafungwa jioni ile: ama Mwanachuo aikubali kozi ya udaktari wa mifugo, ama nafasi apewe mwingine. Jina hilo la Mwanachuo walimbandika wenyewe, kwa dhihaka, matokeo yake ya mtihani yalipotoka mazuri kuliko walivyotarajia. Na simu yake, ambayo ndiyo ya kujibia, ilikuwa kiganjani mwa Mhasibu, aliyeiomba "niangalie kidogo tu" na hakuirudisha.

"Tunakuheshimu," alianza Mhandisi, mkubwa wao, pua kaiziba kwa kitambaa. "Tena ni sisi tuliokuhimiza urudi shule. Lakini katika kozi zote zile, ukaona kinyesi?"

"Si kinyesi, ni ndama. Asubuhi ya leo alikuwa amekwama, mguu mmoja umekunjika ndani. Nikaingiza mkono, nikaunyoosha..."

"Basi, basi!" Mhasibu alimkatiza.

"...akatoka na utelezi wake wote, akapiga chafya. Daktari wa mifugo aliyekuwa akinielekeza akasema mkono wangu una subira."

Wakili akaguna. Alikuwa mwaka wa pili tu wa sheria, kwenye chuo hicho hicho, ila nyumbani alishajipandisha cheo. "Subira! Tukikutana kwenye korido unanuka zizi, nitawaambia nini wenzangu?"

"Waambie unanifahamu."

"Heri nife."

"Sikiliza," Mhandisi alisema. "Kuna ualimu wa chekechea. Kazi safi, unarudi nyumbani mapema. Badilisha hapa hapa, utuombe radhi kwa aibu hii, yaishe."

"Na nguo zangu?" Wakili alikumbuka. "Akishinda huko kutwa nzima, nani atafua?"

Mwanachuo aliwatazama mmoja mmoja. Mhandisi na kitambaa chake. Mhasibu akifuta midomo kana kwamba ng'ombe kambusu. Wakili na soksi zake za juzi, zilizotupwa chini ya kochi, zikinuka kuliko glavu. Kinyaa kikampanda. Zizini hakikuwahi kumshika.

"Nipe simu yangu."

"Kwanza radhi," alisema Mhasibu, akaificha mgongoni.

Mwanachuo akaivaa glavu taratibu, kidole kwa kidole, mpaka begani. Kisha akanyoosha mkono kuelekea shavu la Mhasibu. Mhasibu akapiga ukelele, simu ikaanguka kwenye kochi.

Mwanachuo alivua glavu. Akatafuta miwani yake, akasoma polepole, akabonyeza: nakubali.

Chai ilikuwa imepoa kabisa.

"Yaani huombi radhi?" Mhandisi aliuliza, sauti ikitokea nyuma ya kitambaa. "Baada ya kututia kichefuchefu hivi?"

Mwanachuo akauinua mkono wake mtupu mbele ya nyuso zao.

"Nimewazaa watatu," alisema, "na nyote nimewaosha kinyesi kwa mkono huu huu, bila glavu. Siombi radhi."