Kitambaa cha Laptopu

Tusajigwe alitoka kuoga akaikuta laptopu yake mpya imefunikwa kitambaa cha kufuma, imezimika katikati ya kazi. Aliishika. Ilikuwa ya moto kama pasi.

"Mama! Mashine ya bei mbaya hii, inatakiwa ipumue! Umeshaiua!"

Mama yake alikuja toka jikoni, mikono imejaa unga.

"Vumbi la Mbagala hili, mwanangu. Nikaona redio na friji vina vitambaa, nikaifumia na yenyewe."

"Nani alikutuma? Ushamba wenu uacheni hukohuko Tukuyu!"

Mama alijipangusa unga mikononi. Tusajigwe alikitupa kitambaa kwenye kochi, ndipo akaiona pembeni herufi ya kwanza ya jina lake, kwa uzi mwekundu, imepinda kidogo.

Aliiweka laptopu mbele ya feni. Ilipopoa akaibonyeza. Ikawaka, na kazi yake yote ipo palepale.

"Mama," aliita kwa sauti ndogo. "Imewaka."

Mama hakugeuka. Alikuwa ameshakitoa kitambaa cha redio, sasa anakivuta cha friji.

"Ngoja nivitoe vyote," alisema. "Nisije nikakuulia na hivi."